Subana ya Chumvi

Huku Uvs chai haitiwi sukari.
Huchemshwa na maziwa, majani yakakatwa kwenye tofali lake,
na chumvi ya ziwani, konzi nzima.
Upawa wa kwanza hurushiwa mbingu.
Nilipoolewa mama mkwe alionja, akakunja uso:
"Chai yako imepooza."
Nikaongeza chumvi
miaka arobaini na mmoja.

Mwezi wa kwanza, baridi ya kupasua chuma,
Zundui alishuka kwenye farasi kama mzigo uliokatika kamba.
Mkono wa kushoto mzito, taya linamuuma.
Akaniambia ni jino.

Halikuwa jino.
Siku kumi na moja hospitali ya mkoa,
akarudi na vidonge vya rangi tatu
na neno ambalo hatukuwa nalo hemani: presha.

Narangoo, muuguzi, huja kwa pikipiki,
nyusi zimeganda barafu.
Humfunga mume wangu kitambaa mkononi, hupampu,
hewa ikatoka polepole kama kondoo anayeguna usingizini.
"Mia sabini na mbili, chini mia na nne."
Huandika daftarini. Kisha husema, kila mara, bila kuchoka:
"Dawa hii si ya maumivu. Usingoje kuumwa.
Presha haibishi hodi."

"Kama siumwi," asema Zundui, "namtibu nani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini maradhi haya hujificha yenyewe.

Nikaiacha konzi, nikachukua subana yangu ya kushonea.
Subana tano kwa sufuria. Wiki iliyofuata nne.
Sikumwambia. Alikunywa akitazama mlango,
kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja.
Ilipofika mbili, jirani alionja akauliza
kama tumefiwa.

Na namba hazikushuka.
Mia sitini na nane. Mia sabini.
Narangoo akapekua daftari mbele na nyuma.
Vidonge anameza? Anameza, nasimama naye.
Nyama ya kukausha? Nimeiroweka, nimemwaga maji.
Basi tukatazamana tu.

Nikaenda zizini kumwaga majivu ya jiko.
Jiwe la chumvi la farasi limening'inia nguzoni.
Ulimi wa farasi ni mpana, huacha bonde.
Hapa pembeni palikuwa na mfereji mwembamba,
laini, nadhifu,
kwenye kimo cha mdomo wa mume wangu.

Narangoo alicheka mpaka akajiziba kwa glavu.
Zundui akageuka mwekundu kama jiko.
Kisha yule binti akakaa chini, karibu naye,
mashine mapajani, akauliza kwa sauti ndogo:
"Ukilamba, baba, unakumbuka nini?"

Kuni za kinyesi zikalia motoni.
"Mama," akasema. "Nikienda kuchunga
alikuwa ananipa kipande, nikiweke shavuni."

Nilidhani atamhubiria.
"Basi mama tusimfukuze," akasema.
"Tumpunguzie tu sehemu ya kukaa.
Jiwe waachie farasi. Chai ibaki subana moja,
na asubuhi, kabla hujagusa hatamu, kidonge."

Alikubali? Alinung'unika. Kwetu ni karibu sawa.

Alipokuwa anafunga mkoba, akanitazama.
"Na wewe, mama? Leta mkono."
Miaka yote hiyo nimepika, nimeonja, nimepeleka kikombe,
sufuria ileile, upawa uleule,
na hakuna aliyewahi kuuliza mkono wangu.

Kitambaa kikanibana. Kikaachia.
Narangoo akapima tena, mkono wa pili.

"Mia sitini na sita."

Zundui, ambaye hajawahi kunitilia chai,
aliinuka kimya, akaibandua sufuria jikoni,
akanimiminia. Nikaonja.
Imepooza.
Nikainywa yote.